Mwanangu analala na viatu

Shikamoo Shangazi,

Naandika usiku mvua ikinyesha, na mwanangu amekaa kitandani macho makavu, viatu miguuni. Nitaanza mwanzo ili unielewe.

Ninaishi Babati, nina watoto wawili. Mkubwa ni wa kiume, anakaribia miaka minane, yuko darasa la pili. Mdogo ni wa kike, ana miezi tisa. Mume wangu ni dereva wa safari ndefu, nyumbani anakuja siku mbili tatu kwa mwezi. Kwetu ni Katesh, na tulikuwepo ile Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 mlima Hanang uliposhuka. Wengine walisikia redioni kwamba ni maporomoko ya tope na waliokufa ni zaidi ya 80. Sisi tulisikia mngurumo kama malori mia yanateremka kwa pamoja, halafu tope, mawe na magogo vikaingia mjini. Nilimkwapua mwanangu kitandani, tukakimbilia kwa jirani aliyejenga juu kidogo. Mdogo wangu alikuwa amepanga nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alipatikana siku ya pili yake.

Tulikaa kambini shuleni, baadaye tukaja hapa kwa shemeji yangu miezi minne, sasa tumepanga vyumba viwili.

Shangazi, siku zile mwanangu hakulia. Msibani watu walimsifia, wakasema huyu mwanaume kweli. Kambini alikula, alicheza mpira na wenzake, nikamshukuru Mungu. Mara moja tu aliniuliza mama mdogo yuko wapi. Nikamwambia amelala, Mungu amempumzisha. Hakuuliza tena. Nami nilikuwa na mimba changa, kila mtu akaniambia nisilie nitamdhuru mtoto tumboni, basi nikajikaza.

Mambo yameanza vuli iliyopita. Aliacha kukojoa kitandani akiwa na miaka mitatu, sasa anakojoa karibu kila siku mvua ikinyesha, na siku nyingine hata bila mvua. Hataki kulala. Akilala anataka viatu. Nikimvua akishapitiwa na usingizi, asubuhi nakuta amevivaa tena. Usiku anaamka anamwendea mdogo wake, anamwekea kidole puani, na mara mbili amemtikisa mpaka mtoto akalia. Nilidhani ni wivu, nikamchapa.

Akicheza, mchezo wake ni mmoja. Anachukua vizibo vya soda, anavipanga, anavifukia kwa udongo, anavifukua, anavihesabu. Kimoja huwa anakiacha chini. Anaanza upya. Hacheki, hata wenzake wameacha kumwita. Kuna sweta jekundu alilonunuliwa Katesh hataki hata kuliona, anasema lile baya. Asubuhi za shule tumbo linamuuma, Jumamosi haliumi.

Mwalimu wake ameniita mara tatu. Anasema mtoto hasikilizi, anakodolea dirisha, na lori zito likipita barabarani anatoka darasani mbio bila ruhusa. Amechapwa, hajaacha. Muhula uliopita alikuwa wa tisa, sasa wa arobaini na kitu.

Mume wangu anasema ninamdekeza, mtoto wa miaka sita atakumbuka nini. Mama mkwe anasema amekumbwa, tumpeleke akaombewe. Jirani anasema nikimpeleka hospitali kwa mambo haya ataandikwa kichaa na sifa hiyo haitamtoka. Mimi sijui. Je, anadeka, anaumwa, au ni yale ya Katesh? Na kama ni yale ya Katesh, mbona wakati ule alikuwa mzima?

Mama wa wawili, Babati

*

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya mdogo wako kwanza, maana umemwandika kwa mistari miwili ukampita haraka haraka. Nitarudi kwake.

Hadeki. Hilo nalisema bila kuzunguka. Mtoto anayedeka anataka kitu, na ukimpa anatulia. Wako hataki kitu chochote kwako zaidi ya viatu vyake. Mimi si daktari. Nilifundisha darasa la kwanza na la pili mpaka nikastaafu, kisha nikasomea unasihi uzeeni, na barua yako nimeisoma kama nilivyokuwa nasahihisha madaftari, kalamu mkononi. Nimepigia mstari sehemu nyingi, lakini moja nimeipigia mara mbili.

Tuanze na swali lako la mwisho, mbona wakati ule alikuwa mzima. Hakuwa mzima, alikuwa amenyamaza. Sisi watu wazima tunapima maumivu ya mtoto kwa machozi yake, na asiyelia tunampa cheo: jasiri, mwanaume. Akishapewa cheo hicho atakirudishaje? Zaidi ya hapo, pale kambini kila mtu alikuwa kama yeye. Watoto wote wamepoteza nyumba, mama hamtoki machoni, watu wapo mchana na usiku. Wakati wa hatari mtoto hujishikilia. Mara nyingi huachia akishafika mahali palipotulia, na kwenu utulivu umekuja mlipopata vyumba vyenu wenyewe.

Halafu ikaja vuli. Mvua juu ya bati, harufu ya udongo uliolowa, Desemba yenyewe. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na wataalamu wa akili za watoto wakieleza jambo hili hawaongezi mengi juu ya hapo. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo ambayo kazi yake ni kulinda uhai. Haijui tarehe, haijui kwamba mmehamia Babati. Inachojua ni kwamba mngurumo mzito ulikuja na tope, basi ukisikika tena inaupa mwili amri moja: kimbia. Umeniandikia mwenyewe kwamba mlima ulinguruma kama malori mia. Sasa msome tena mwalimu wake. Mtoto anasikia lori, anatoka mbio. Huko si kukaidi. Mwili wake unakimbia kabla kichwa hakijaulizwa, na fimbo haiwezi kuufundisha mwili kwamba lori si mlima. Inauongezea sababu ya pili ya kuogopa.

Hata kukodolea dirisha ni hivyo hivyo. Anachunga. Mtoto anayechunga mlima hawezi wakati huo huo kuchunga hesabu za kutoa, na ndiyo maana wa tisa amekuwa wa arobaini.

Wataalamu wanaita kiwewe. Mtaani tunalitumia neno hilo kwa mtu anayebabaika tu, lakini wao wana maana ya kidonda ambacho tukio la kutisha huacha ndani ya mtu, likaendelea kumrudia wakati lenyewe limekwisha. Wiki za mwanzo baada ya janga karibu kila mtoto hubadilika, na wengi hurudi walivyokuwa wakiwa na watu wanaowapenda na ratiba inayoeleweka. Kinachotakiwa kumshtua mzazi ni dalili zinazoendelea kupita mwezi, au zinazochelewa na kuja baadaye kama za mwanao, na zikaanza kumnyima usingizi, shule na marafiki.

Tuje kwenye vizibo.

Mchezo wa mtoto hutembea. Leo vizibo ni magari, kesho ni ng'ombe, keshokutwa ni wachezaji wa Simba na Yanga. Mchezo wa kiwewe hautembei. Ni ule ule, kwa mpangilio ule ule, hauna kicheko, na mtoto akimaliza hajaburudika. Mwaka 1976 huko Chowchilla, California, watu wenye bunduki waliteka basi la shule lenye watoto 26 na dereva wao, wakawafungia ndani ya tela la lori lililofukiwa chini ya ardhi kwenye machimbo. Walikaa humo kama saa 16 mpaka wakajichimbua wenyewe, wote wakiwa hai. Watu wengi wangesema wamepona, yamekwisha. Daktari mmoja wa akili za watoto, Lenore Terr, aliwafuatilia, akawarudia tena baada ya miaka minne hivi. Kati ya aliowaona hakukuta hata mmoja ambaye tukio lile halikumwachia alama. Alikuta michezo kama huo wa mwanao, inayorudiwa bila furaha. Alikuta pia jambo la pili ambalo nililikumbuka nilipofika kwenye sweta: watoto wengi walikuwa wamejitafutia ishara. Walishikilia kitu kidogo kilichotokea kabla ya kutekwa, wakaamini kile ndicho kilichokuwa kinawaonya, na laiti wangekisikiliza.

Ningeweka shilingi yangu kwamba sweta jekundu alilivaa Jumamosi ile, au alilalia nalo. Huenda kichwani mwake ndilo lililoleta mlima. Au kuna neno alimwambia mama yake mdogo jioni ile, alikasirika, alikataa kumsalimia, alikataa kulala kwake. Watoto wa umri huo wanaamini kwamba wanalowaza linaweza kutokea. Usimhoji kama polisi. Siku mkiwa mnachambua mboga au mnakwenda dukani, sema tu: "Wapo watoto wanaofikiri yale ya Katesh yalitokea kwa sababu ya kitu walichofanya wao. Wewe umewahi kufikiri hivyo?" Kisha nyamaza. Akijibu, msikilize mpaka mwisho, halafu mpe sababu ya kweli: mvua ilinyesha sana, udongo na mawe laini ya ule mlima vikanywa maji vikashindwa kujishikilia, vikaporomoka. Sweta haliwezi kuangusha mlima. Mtoto wa darasa la pili anaelewa hayo vizuri kabisa, na akishaelewa anautua mzigo ambao hukujua ameubeba.

Sasa mstari niliopigia mara mbili.

Alikuuliza mama mdogo yuko wapi, ukamwambia amelala.

Nakuelewa. Kiswahili chetu kimejaa huruma hii: amelala, amepumzika, amesafiri, ametutoka. Mtu mzima anajua kilichofichwa humo. Mtoto wa miaka sita analichukua neno kama lilivyo, na kwa umri ule wengi wao ndiyo kwanza wanaanza kushika kwamba kufa hakuna kurudi. Mwanao alisikia hivi: mama mdogo alilala, tope likaja, hajaamka. Basi kulala ndiko kunakoua. Sasa soma barua yako mwenyewe ukiwa na sentensi hiyo mkononi. Hataki kulala. Akilala anataka awe tayari, viatu miguuni. Usiku anaamka kumwekea mdogo wake kidole puani, na akiona kimya kimezidi anamtikisa ili aamke.

Huo si wivu, mama. Anamlinda. Ukamchapa, na hukujua. Hata mimi niliwahi kumchapa mtoto wa darasa la kwanza aliyekuwa anajificha chini ya dawati kila kengele ikigongwa, nikidhani ananichezea, mpaka bibi yake aliponieleza nyumba yao ilivyoungua. Ni miaka mingi sasa na bado naiona ile mikono midogo. Mwombe radhi. Mwambie, "Nilikuchapa nikidhani unamsumbua mtoto. Kumbe ulikuwa unamwangalia kama anapumua. Nisamehe."

Kisha mwambie ukweli, mchana, mkiwa mmeshiba, si usiku wala wakati wa mvua. Maneno yawe machache: "Mama mdogo amekufa. Nilikwambia amelala kwa sababu nilishindwa kusema. Mtu akifa mwili wake unaacha kufanya kazi, hapumui, hasikii baridi, haumii, na hawezi kuamka. Kulala ni kitu kingine. Wewe ukilala mwili unapumzika, na asubuhi unaamka. Mdogo wako akilala anapumua, njoo tumsikilize pamoja." Weka mkono wake kifuani kwa mtoto. Yale ya imani yenu, ya Mungu na mbinguni, mwambie pia, lakini yaje baada ya hayo. Huenda akalia. Mwache alie, na usishangae akakuuliza jambo lile lile mara kumi. Mjibu mara kumi kwa maneno yale yale.

Viatu je? Mwachie. Jaribu kumuuliza siku ile alikimbia akiwa na viatu au peku, kwa kuwa umeniambia ulimkwapua kitandani. Kisha muafikiane vikae kando ya kitanda, mahali mkono wake unapofika, viwili viwili, na tochi pembeni. Akikubali leo akakataa kesho, sawa. Viatu havimdhuru mtu.

Mvua ikianza usimwambie "hakuna kitu". Yeye anajua kwamba kitu huwa kipo. Wala usimwahidi kwamba haitatokea tena popote, maana siku atakaposikia mafuriko ya mahali pengine neno lako litakuwa limekwisha thamani. Mwambie lililo kweli: "Hii ni mvua ya Babati, kelele ni bati, mimi nipo, na ikizidi tunajua tunakwenda kwa nani." Mkae mpange hasa mnakwenda kwa nani, yeye abebe nini, wewe ubebe nini. Mtoto mwenye kazi hofu yake hupungua. Na mfundishe kupumua, siku ya jua kama mchezo: avute pumzi puani kama ananusa kikombe cha uji wa moto, kisha apulize taratibu taratibu kama anaupoza. Pumzi ndefu ya kutoa hutuliza mapigo ya moyo. Naona ajabu kidogo kwamba jambo dogo hivyo linafanya kazi, lakini linafanya, hata kwa bibi kama mimi.

Mkojo. Tandika nailoni chini ya shuka, asubuhi fueni bila hotuba, na asimsikie mtu yeyote ndani ya nyumba hiyo akitamka neno kikojozi. Lakini pamoja na hayo, mpeleke kituo cha afya wapime mkojo na sukari, wamwangalie choo na tumbo. Mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani akarudia anaweza kuwa na maambukizi ya njia ya mkojo, au kisukari, na tumbo linaweza kuwa minyoo. Tumbo la asubuhi za shule lisilouma Jumamosi lina harufu ya hofu, ila hofu haimkingi mtoto na minyoo. Pima kwanza.

Kuna jambo jingine sipendi kuliandika lakini nitaliandika, kwa sababu dalili hizi hazina mhuri unaosema zimetoka Katesh. Mlikaa kambini, mkakaa kwa ndugu miezi minne, nyumba ya watu wengi. Kukojoa, kuogopa usiku, tumbo, kushuka darasani, vyote hivyo mtoto anayedhulumiwa huvionyesha pia. Hadithi ya mwanao inaungana na mlima kwa kila kiungo, na sina sababu ya kumshuku mtu. Hata hivyo mwangalie. Yupo mtu mmoja anayemkwepa? Anaumwa akikaa au akienda haja? Anajua mambo ya kikubwa asiyotakiwa kuyajua? Ukiona hayo usimuulize mbele ya watu na usimalize kifamilia. Piga 116, namba ya kusaidia watoto, haina malipo, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi.

Wasomaji wengine wenye watoto wa umri tofauti, msitafute vizibo. Mdogo wa chini ya miaka mitano hana maneno, atarudi nyuma: ataacha kuongea alivyokuwa anaongea, atanyonya kidole, atakung'ang'ania sketi mpaka chooni. Kijana wa miaka kumi na minne atakuonyesha mgongo. Atakuwa mkali, atachelewa kurudi, ataanza bangi au pombe, atasema hajali kitu, na nyinyi mtaita ujana. Ulizeni ulianza lini. Mara nyingi mwezi una jibu.

Kwa mwalimu nenda mwenyewe, asubuhi, usimtume mtu. Usiende kugombana, wengi wetu tunafundisha watoto themanini chumba kimoja na hakuna aliyetufundisha hili. Mweleze Katesh, mweleze lori na mlima. Omba mambo matatu tu: akae mbali na upande wa barabara lakini mlango auone, akizidiwa apewe ruhusa ya kutoka na kusimama mlangoni hadi apoe, na asichapwe kwa hilo. Akibisha, nenda kwa mwalimu mkuu. Kanuni zenyewe za viboko zinataka vitolewe na mwalimu mkuu au aliyemwidhinisha kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe. Sijui mwanao angeandikwa kosa gani. Kuogopa?

Mama mkwe usimdharau. Kuombewa hakumzuii mtu kutibiwa, na mtoto akiwekewa mikono na bibi yake anayempenda anaweza kulala vizuri zaidi. Mpaka wako uwe huu: hakuna kufungishwa kula, hakuna kufukizwa moshi, hakuna kupigwa ili kitu kitoke, na hakuna kumwambia kwamba ndani yake kuna pepo. Mtoto aliyekwisha kuamini kwamba aliangusha mlima kwa sweta, ukimwongezea pepo umemmaliza.

Jirani naye. Watu wakisikia afya ya akili wanawaza Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, na minyororo. Anza na hospitali ya mkoa hapo Manyara, au Haydom huko Mbulu ambako huduma za afya ya akili zipo, na umwone Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Uliza kama yupo anayefanya tiba ya mazungumzo kwa watoto waliopata kiwewe. Humo mtoto hufundishwa kwanza kutuliza mwili, kisha husaidiwa kulisimulia tukio kidogo kidogo kwa mdomo, michoro au mchezo, mzazi akishirikishwa. Hawamlazimishi siku ya kwanza asimulie yote, na wewe pia usimlazimishe. Wala si lazima awe daktari bingwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwahusu watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi au wazazi, huku kwetu Moshi na kule Bungoma, Kenya. Waliowahudumia walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo, wakikutana na watoto kwa vikundi mara moja kwa wiki, wiki 12, na mara chache mmoja mmoja. Tiba ilipoisha, Bungoma mjini na vijijini, na vijiji vya Moshi, waliohudhuria walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao. Moshi mjini tofauti haikuonekana, sitakuficha. Ila watoto wetu wanatibika, na kwa lugha yetu.

Usisubiri foleni akisema anataka kumfuata mama mdogo, akijiumiza, au akiacha kula. Siku hiyo hiyo mnakwenda.

Mume wako anasema mtoto wa miaka sita atakumbuka nini. Mwonyeshe vizibo. Usimweleze chochote, siku akirudi akae naye uani dakika ishirini mtoto akicheza, ahesabu mwenyewe kinabaki kimoja. Na yeye anaendesha lori, mama. Ikiwezekana ampandishe mwanawe likiwa limesimama, injini ikiwa imezimwa, halafu siku nyingine imewashwa, mtoto mwenyewe akishika ufunguo na kuizima anapotaka.

Nimebakiza wewe. Uliambiwa usilie utamdhuru mtoto tumboni. Huyo mtoto ana miezi tisa sasa, yuko nje, mzima. Mkubwa naye nadhani amekuwa anakuangalia wewe ili ajue kama habari za mama mdogo zinaruhusiwa ndani ya nyumba hiyo, na ameona hazitajwi. Unapompeleka hospitali, omba nawe uonwe. Na kabla vuli nyingine haijafika, ukiweza, nendeni Katesh wote wanne, siku ya jua, mkapalilie kaburi. Mwambie mapema mnakokwenda, na akikataa safari hii mwache.

Ukiniandikia tena niambie alijibu nini kuhusu viatu. Na niambie jina la mdogo wako. Barua nzima hukulitaja.

Shangazi